UVUMILIVU NA SHUKRANI

Wazee wetu walisema, "Mvumilivu hula mbivu." Lakini wengi wetu hulishika neno "mbivu" na kulisahau neno "mvumilivu." Leo twapenda kulieleza jambo hili kwa mifano ya Nyanda za Juu za Kusini na ya nchi yetu nzima, ili walimu walifundishe shuleni, na wazee walizungumze barazani.

Kwanza tutazame kazi za kila siku. Mkulima wa Mbeya au Iringa ajua ya kuwa mahindi ya nchi ya baridi hayana haraka. Hukaa shambani siku nyingi kuliko yale ya pwani. Pengine sakitu huunguza viazi usiku mmoja, na kazi ya miezi ikapotea. Mtu aliyepatwa na msiba huo ana njia mbili: kukaa kitako akilaumu, ama kutafuta mbegu tena. Na mbegu hiyo ataipata wapi? Mara nyingi ni kwa jirani. Hapo ndipo shukrani inapoingia; kwani asiyeshukuru mwaka jana, mwaka huu hubisha hodi asiitikiwe.

Pili, tuikumbuke reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi katika Zambia. Kazi ilianza mwaka wa 1970, na mwaka wa 1976 reli ilikabidhiwa rasmi. Kutoka Mlimba kupanda Makambako ilibidi kutoboa milima na kujenga madaraja juu ya mabonde yenye matope. Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi hiyo pamoja, na wengine walikufa kazini. Basi kila apandaye gari la moshi kwenda Mbeya ana deni la shukrani kwa watu asiowajua majina.

Tatu, katika michezo. Mwaka wa 1986 timu ya Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa mpira wa Tanzania Bara, ikizishinda timu kubwa za mji mkuu wa biashara. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini baadaye timu hiyo ilishuka daraja. Hapa pana fundisho: ushindi wa jana haulimi shamba la leo. Uvumilivu wahitajiwa kabla ya kombe, na zaidi baada yake.

Mfano wa mwisho ni wa John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyezaliwa Mbulu. Mwaka wa 1968 alishiriki mbio ndefu za Olimpiki katika mji wa Mexico, ulio juu kuliko mji wa Mbeya. Njiani alianguka, akaumia vibaya goti. Alifungwa bendeji, akaendelea, akichechemea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha fika zaidi ya saa moja kabla yake. Jua lilikuwa limekuchwa, na watazamaji wengi wamekwenda zao. Akhwari alifika wa mwisho katika watu 57 waliomaliza. Alipoulizwa sababu ya kutoacha, alijibu kwa maana hii: nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali azimalize.

Jibu hilo ni la mtu mwenye shukrani. Aliwakumbuka waliomtuma, na kumbukumbu hiyo ikamtia nguvu miguuni. Kwa hiyo twasema kwamba shukrani si mwisho wa uvumilivu tu, bali ni chakula chake.

Lakini tusikosee. Kuvumilia si kunyamazia dhuluma, wala si kuficha ugonjwa hata ukamshinda mganga. Akhwari mwenyewe alikubali kufungwa jeraha kabla ya kuendelea.

Basi yatupasa kuwafundisha vijana mambo mawili: wasiiache kazi katikati, na wasiwasahau waliowashika mkono.