Kusoma Kikatalani Ughaibuni: Pa Kuanzia

Watu wapatao milioni 10 huzungumza Kikatalani: Catalonia, Valencia na Visiwa vya Balearic nchini Hispania, pembe ya kusini mwa Ufaransa, na mji wa Alghero kisiwani Sardinia. Ni lugha rasmi ya Andorra nzima. Anayetaka kuisoma chuoni akiwa mbali na huko, kwanza aulize kama chuo chake kina mwalimu. Mwalimu huyo ndiye roho ya jambo lote. Asipokuwapo, maktaba nzuri haitoshi.

Vyuo vikuu zaidi ya 100 duniani vinaye, vingi vikisaidiwa na Institut Ramon Llull ya Barcelona, iliyoanzishwa mwaka 2002 na serikali za Catalonia na Balearic. Chuo humwajiri mwalimu, taasisi huchangia gharama. Utaratibu huu naukubali sana, maana unakifanya chuo kihesabu somo kuwa lake. Kama chuo chako hakina mwalimu, wanafunzi kadhaa mkipeleka ombi la pamoja kwa mkuu wa idara ya lugha za Kirumi, mtasikilizwa zaidi kuliko mmoja akienda peke yake.

Kazi ya kufundisha Kikatalani ughaibuni ni kongwe kuliko taasisi hiyo. Chini ya utawala wa dikteta Franco nchini Hispania, 1939 hadi 1975, Kikatalani kiliondolewa shuleni na ofisini, na waliokuwa nje wakakishika. Joan Gili, muuza vitabu aliyehamia Uingereza, alichapisha sarufi ya Kikatalani kwa Kiingereza mwaka 1943. Joan Coromines, mkimbizi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, alifundisha Chicago huku akiandaa kamusi kubwa ya asili ya maneno. Mwaka 1954 Uingereza ikapata Anglo-Catalan Society; Amerika Kaskazini ikapata chama chake mwaka 1978. Vyama hivi huwakutanisha watafiti, na mwanafunzi wa uzamili anayetafuta msimamizi afike huko mapema.

Asiye na darasa aanze na Parla.cat, kozi ya mtandaoni ambayo ukijisomea mwenyewe hulipi kitu. Cheti ni jambo jingine: Institut Ramon Llull hutahini katika miji mingi duniani kwa ngazi za lugha za Ulaya, hadi ya juu kabisa, C2.

Kwa wafasiri wa Kiswahili: ruzuku ambayo taasisi hiyo hutoa kwa tafsiri za fasihi ya Kikatalani huombwa na mchapishaji. Mpate yeye kwanza, akubaliane na mwenye haki za kitabu, ndipo ombi liandikwe.