Injini Mpya Inaponoki Mapema: Maswali na Majibu kwa Wenye Magari wa Karatu na Ngorongoro

Barabara ya lami inayotoka Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, huvuka Rhotia na Karatu, kisha hufika lango la Lodoare, ambako njia za vumbi za Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lenye kilomita za mraba 8,292, huanza. Gari jipya lililonunuliwa kwa kazi ya utalii hupata mtihani wake wa kwanza katika njia hiyo, na pale injini yake inaponoki, yaani inapoharibika kwa ndani hadi ikagonga kwa sauti ya chuma au ikashindwa kabisa kuzunguka, mwenye gari hujikuta amebanwa kati ya rejesho la benki, msimu wa wageni na muuzaji asiyekubali lawama. Majibu yanayofuata yanamhusu mwenye gari huyo, ambaye haki yake kwa kawaida ipo, lakini ushahidi wa kuithibitisha hupotea katika siku chache za kwanza, na wakati mwingine hupotea hata kabla gari halijaanza kazi.

Swali: Je, kila injini mpya inayozimika njiani imenoki?

Jibu: La. Magari ya sasa huongozwa na kompyuta ndogo ambayo, ikipokea taarifa isiyo ya kawaida kutoka kwa mojawapo ya vihisio vyake, hupunguza nguvu ya injini au huizima ili kuikinga, na mara nyingi chanzo ni filta ya dizeli iliyoziba, maji ndani ya mafuta au waya uliolegea kwa mtikisiko. Kunoki hasa huthibitishwa kwa kupima mgandamizo wa kila silinda na shinikizo la oili, kisha kuangalia kama oili ina chembe za chuma. Vipimo hivyo vitatu havihitaji injini ifunguliwe, na fundi anayetoa hukumu bila kuvifanya anakisia tu.

Swali: Injini ambayo haijazeeka huharibikaje?

Jibu: Sababu zinaweza kugawanywa katika zile zilizotoka kiwandani na zile zilizoingia baada ya gari kukabidhiwa, na mgawanyo huu ndio unaoamua nani atalipa. Mfano ulio wazi wa kundi la kwanza ulionekana mwezi Mei 2024, wakati kampuni ya Toyota ilipotangaza nchini Marekani kuyaita tena magari yapatayo 102,000 ya aina ya Tundra na Lexus LX ya matoleo ya 2022 na 2023, kwa sababu mabaki ya chuma yaliyotokana na uchongaji wa sehemu za injini huenda hayakuondolewa yote kiwandani, nayo yaliweza kuharibu beringi kuu, yaani vikalio laini vinavyobeba kranki shafti na kuiwezesha kuzunguka juu ya utando mwembamba wa oili. Mfano huo unafaa kukumbukwa na kila mnunuzi anayeambiwa kwamba kiwanda kikubwa hakikosei.

Kundi la pili lina mambo mengi zaidi. Maji yanayoingia kwa njia ya hewa wakati gari linavuka korongo lililofurika hupinda mikono ya pistoni, kwa kuwa maji hayagandamiziki kama hewa. Mafuta yaliyochakachuliwa nayo huua pampu na injekta, ambazo hulainishwa na dizeli yenyewe, na tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba kuanzia 2010 mafuta nchini yaliwekewa vinasaba chini ya usimamizi wa EWURA, na katika bajeti ya 2011/2012 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Kwa ukanda wa Karatu, hata hivyo, adui anayestahili kutajwa kwanza ni vumbi.

Swali: Vumbi la Ngorongoro lina ubaya gani wa pekee?

Jibu: Nyanda za juu za Ngorongoro ni zao la volkano, na Oldoinyo Lengai iliyo jirani bado ni hai, hivyo vumbi la huko lina majivu ya volkano yenye punje ngumu na zenye makali. Punje zinazodhuru injini zaidi ni zile ambazo jicho halizioni, za mikroni 5 hadi 20, mikroni moja ikiwa ni sehemu ya elfu ya milimita, kwa sababu zinalingana na nafasi iliyopo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Zikipita hapo husaga chuma pande zote mbili, mgandamizo huvuja kuelekea chini, oili huanza kuungua, na injini ya miezi michache hupata uchakavu wa injini ya miaka mingi.

Vumbi hilo haliingii kwa sababu filta ni mbaya pekee. Mara nyingi huingia kwa sababu filta imepulizwa kwa upepo mkali wa kompresa hadi karatasi yake ikatoboka, au imefunguliwa kila jioni kwa nia njema na kurudishwa ikiwa imekaa upande, au snokeli, yaani bomba la kuvuta hewa kutoka usawa wa paa, limefungwa katika gereji bila kuzibwa vizuri pale linapoungana na boksi la filta. Alama ya vumbi ndani ya bomba lililo baada ya filta ni ushahidi mzito, na mwenye gari mwenye hekima hupitisha kitambaa cheupe humo kila anapofanya sevisi. Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, magari yanapofuatana kwa karibu kuelekea Olduvai na Serengeti, gari la nyuma huvuta vumbi la yote yaliyotangulia, na kuacha nafasi ya kutosha kati ya gari na gari ni kinga ambayo haina gharama yoyote.

Swali: Na mwinuko wa mahali?

Jibu: Mto wa Mbu uko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, Karatu karibu mita 1,500, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro karibu mita 2,300, ambako hewa imepungua kwa karibu robo na maji yasiyofunikwa huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Injini ya dizeli isiyo na turbo hupungukiwa nguvu hapo, dereva hukandamiza mafuta zaidi, moshi mweusi hutoka, na rejeta hupozwa kidogo kwa kuwa gari linakwenda polepole katika gia nzito. Kuteremka kwa barabara ya Seneto na kupanda kwa barabara ya Lerai, kati ya ukingo na sakafu ya kreta iliyo mita 600 hivi chini, ni kazi ya gia ya kwanza na ya pili.

Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalipimi. Kipindi cha kuzoeza injini, ambamo ringi na kuta za silinda husuguana hadi zikakaa sawasawa, kwa kawaida huhesabiwa kuwa kilomita 1,000 za mwanzo, na vitabu vya watengenezaji huonya kwamba katika kipindi hicho gari lisiendeshwe kwa mwendo mmoja usiobadilika kwa muda mrefu, wala lisiendeshwe mfululizo katika gia za chini, wala lisikandamizwe ghafla. Gari linalotoka bandarini Dar es Salaam huenda Arusha zaidi ya kilomita 600 kwa mwendo usiobadilika, kisha hujazwa wageni saba na mizigo yao na kupelekwa kreta. Maonyo yote mawili ya kwanza huwa yamevunjwa katika safari mbili za mwanzo, na muuzaji makini anaweza kuliona hilo katika kumbukumbu za kompyuta ya gari.

Swali: Dereva afanye nini taa nyekundu ya oili inapowaka au injini inapoanza kugonga?

Jibu: Azime injini papo hapo, kwa kuwa beringi iliyopoteza oili huungua ndani ya sekunde chache, na kilomita moja ya kutafuta kivuli inaweza kugeuza tengenezo dogo kuwa injini nzima. Asiiwashe tena ili kusikiliza, asikubali gari lisukumwe, wala asifungue kifuniko cha rejeta iliyochemsha. Ndani ya kreta abiria wabaki garini hadi askari wa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro au gari jingine lifike, kwani nyati na simba hawajui kwamba gari ni bovu. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne lisivutwe kabla gia ya kugawa nguvu haijawekwa huru, la sivyo hitilafu ya pili itaongezwa juu ya ile ya kwanza, nayo itakuwa ya mwenye gari mwenyewe.

Swali: Kwa nini fundi wa karibu asiifungue injini, ilhali Karatu ina mafundi hodari?

Jibu: Umahiri wa mafundi wa Karatu haubishaniwi, na wengi wao wameokoa safari ambazo zingekwama. Hata hivyo, injini iliyo chini ya dhamana ni kielelezo cha kesi kabla ya kuwa mashine ya kutengenezwa. Sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ikishafunguliwa bila muuzaji kuwapo, atadai kwamba chembe za chuma ziliingizwa hapo, na hakuna wa kumpinga kwa uhakika. Kinachopasa kufanywa ni kupiga picha ya dashibodi, ya kilomita na ya kijiti cha kupimia oili, kuchukua sampuli ya oili na ya dizeli katika chupa safi zinazofungwa kwa lakiri mbele ya mashahidi, kutunza risiti za EFD za vituo vya mafuta, ambazo huonesha kituo, tarehe na kiasi, na kumpelekea muuzaji taarifa ya maandishi siku hiyo hiyo, ikimtaka atume mtu wa kushuhudia ufunguaji.

Sampuli ya oili hupimwa maabara ili kujua ina madini gani. Silikoni nyingi huashiria vumbi, lakini katika injini mpya silikoni hutokana pia na gundi ya kuzibia maungio, kwa hiyo haitoshi peke yake. Ikiandamana na alumini na chuma kwa wingi, hapo hoja ya vumbi huwa na nguvu. Mwenye gari asiyeijua tofauti hii anaweza kuoneshwa tarakimu moja na kukubali kosa lisilo lake.

Swali: Sheria ya Tanzania inampa mnunuzi nini?

Jibu: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, huchukulia kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo ina ubora unaokubalika sokoni, na kwamba inafaa kwa kazi ambayo mnunuzi aliitaja akitegemea ujuzi wa muuzaji. Ulinzi huo wa pili hudhoofika pale mnunuzi anapoagiza gari kwa jina lake la kibiashara bila kueleza matumizi, ndiyo maana barua ya kuagiza inapaswa kusema wazi kwamba gari litabeba watalii katika njia za vumbi na miteremko ya Ngorongoro. Mkataba nao usomwe kwa makini, kwa kuwa wahusika wanaweza kukubaliana kupunguza ulinzi huu. Dhamana ya kiwanda huja juu ya haki hizo, na mtu wa kwanza kudaiwa hubaki kuwa muuzaji aliyepokea fedha.

Haki ya kulikataa gari na kudai fedha zote hukoma baada ya mnunuzi kulipokea kisheria, na kupokea huko hutokea pia anapokaa nalo kwa muda mrefu kupita kiasi bila kulalamika, au anapolitendea jambo lisilopatana na umiliki wa muuzaji. Baada ya hapo hubaki dai la fidia, ambalo kama dai lolote la mkataba hupewa miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya walaji, na ni busara kuanza nayo kabla ya mahakama. Aliyenunua gari jipya Dubai kwa bei nafuu ajue kwamba muuzaji wake yuko huko, na wakala wa hapa nchini hana mkataba naye.

Swali: Vipi gari lililorefushwa na kufunguliwa paa?

Jibu: Hapa ndipo wenye kampuni za utalii hupoteza zaidi. Kukata chesisi ili kuongeza viti ni kitendo kisichopatana na umiliki wa muuzaji, hivyo siku gari linapoingia gereji Arusha kukatwa, haki ya kulirudisha kwa muuzaji kwa kawaida huwa imekwisha. Fidia bado inaweza kudaiwa, lakini muuzaji atasema kwamba uzito ulioongezwa, tangi la pili la mafuta, snokeli au nyaya za friji ndizo zilizoua injini. Dawa ni kupata kibali cha maandishi cha muuzaji kabla ya kukata, na kuliendesha gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani hadi sevisi ya kwanza, ili kasoro ya kiwandani, ikiwapo, ijitokeze mapema. Mwenye gari ambaye wageni wanamsubiri hulipenda shauri hili kwa shida, lakini ni shauri sahihi.

Swali: Bima kubwa hulipa?

Jibu: Kwa kawaida hailipi, kwa kuwa hukinga ajali, wizi na moto, na huacha nje hitilafu za mitambo.

Swali: Muuzaji akikubali kosa na kutaka kutengeneza tu, mnunuzi akubali?

Jibu: Akubali injini kamili badala ya kubadilishiwa beringi na pistoni pekee, kwa sababu chembe za chuma hujificha katika kipoza oili na katika turbo, kisha huiua injini ya pili kwa njia ile ile. Adai kwa maandishi kwamba sehemu hizo zimebadilishwa, na kwamba dhamana ya injini inahesabiwa upya kuanzia siku ya kukabidhiwa. Injini mpya huja na namba mpya, na kwa kuwa namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari, badiliko hilo lipelekwe TRA mapema, gari likiwa bado halijarudi barabarani.