Kubadili Breki za Mbele za Magari ya Zamani

Ndugu zetu mnaoendesha Land Rover kuukuu kati ya Nchelenge na Kashikishi mwajua jinsi breki za ngoma zinavyodhoofika zikiingia maji. Diski, kwa kuwa ziko wazi, hukauka upesi. Lakini kuzifunga tu hakutoshi. Masta silinda nyingi za zamani zina vali inayobakiza shinikizo kidogo kwenye mabomba. Ngoma hulihitaji, pedi za diski, kinyume chake, huendelea kusugua hadi zikaungua. Vali ya upande wa mbele iondolewe. Diski pia hudai nguvu zaidi, hivyo busta ifungwe. Mafuta ya injini yasitiwe kamwe kwenye breki: mipira huvimba, breki zikashindwa. Nasi twaomba jaribio la kwanza lifanyike uwanjani, mbali na soko la samaki.