Furushi la Mama Mja Mzito

Katika nchi ya Katavi mvua huanza mwezi wa Novemba, nayo huendelea hata Aprili. Mito hujaa, na njia iliyopitika juzi kwa pikipiki leo ni tope tupu. Uchungu wa kuzaa haungojei mvua ianuke. Kwa hiyo yafaa mama aanze kukusanya vitu vyake mimba ifikapo miezi saba, asije akavitafuta usiku kwa taa.

Vitu vyenyewe si vingi: kanga nne zilizofuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, mpira wa kutandika kitandani, mipira ya mikono ya mkunga, pamba, sabuni, beseni, na nguo za mtoto pamoja na kofia. Zahanati ina vifaa vyake, lakini siku nyingine hupungua, wala hakuna aijuaye siku hiyo.

Kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kikubwa, yaani wembe mpya, ungali katika karatasi yake, na uzi safi wa kufungia kitovu. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, tena huweza kuishi humo miaka mingi. Kitovu kikikatwa kwa kisu cha jikoni au wembe uliokwisha kutumika, huingia mwilini mwa mtoto. Siku mbili za kwanza hunyonya vizuri, na wazazi hufurahi. Kisha, mara nyingi yapata siku ya saba, taya hukaza, asiweze kunyonya tena, na mwili hukakamaa kwa kila kishindo. Wako wadhanio kwamba amerogwa, kwa kuwa alizaliwa mzima. Basi kitovu hakipakwi samadi wala majivu. Huachwa kikauke, isipokuwa mkunga ametoa dawa. Tena mama apate chanjo ya pepopunda angali mja mzito, maana humkinga na mtoto.

Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tabibu Adrien Atiman alitibu watu tangu mwaka wa 1889, akafariki mwaka wa 1956. Lakini tabibu ni mmoja, na vijiji ni vingi. Hivyo baba na mama hupatana mapema: chombo gani kitamchukua mama, nani atamsindikiza, nani atatoa damu ikihitajiwa. Akaaye mbali ni heri ahamie kwa ndugu walio karibu na hospitali kabla siku hazijatimia.

Mtoto akizaliwa hulazwa kifuani pa mama apate joto, naye hunyonya katika saa ya kwanza. Yale maziwa ya manjano yasimwagwe, kwani yana kinga. Maji hapewi, wala asali. Asali ya Inyonga yasifiwa sana, na kwa haki, lakini huweza kuwa na vijidudu vinavyomlegeza mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hata ashindwe kupumua. Mama akitokwa na damu nyingi, au mtoto akikataa ziwa, warudishwe zahanati saa ile ile, hata kama wageni wamejaa uani. Wageni nao hunawa kwa sabuni kabla ya kumpakata mtoto, na kazi ya kuwamiminia maji ni ya watoto wakubwa wa nyumba.