Kiwanja cha Marko Mtakatifu katika Mji wa Venice

Kaskazini ya nchi ya Italia uko mji uitwao Venice, nao haukujengwa ufuoni, bali juu ya visiwa vingi vidogo ndani ya hori ya bahari. Nyumba zake zimesimama juu ya miti iliyopigiliwa topeni. Hamna motokaa njiani. Watu huenda kwa miguu au kwa mashua. Katika somo hili twataka kueleza habari za kiwanja chake kikuu, Piazza San Marco. Urefu wake wapata yadi 190. Pande tatu kimezungukwa na majumba yenye matao, na upande wa mashariki lipo kanisa la Marko Mtakatifu.

Asili ya kanisa hilo ni ya ajabu, ingawa hatuwezi kuisifu. Yasimuliwa ya kuwa mwaka 828 wafanya biashara wawili wa Venice waliuiba mwili wa Marko katika mji wa Iskanderia, Misri, wakaufunika kwa nyama ya nguruwe, ili watu wa forodha, kwa kuwa ni Waislamu, wasikubali kuugusa mzigo ule. Na wale farasi wanne wa shaba juu ya mlango hawakununuliwa: walitekwa Constantinople katika vita vya mwaka 1204. Napoleon alipoiangusha serikali ya Venice mwaka 1797 akawapeleka Paris, wakarudishwa mwaka 1815. Mnyang'anyi naye alinyang'anywa! Siku hizi farasi wenyewe wamo ndani ya kanisa. Walio nje ni mfano tu.

Mbele ya kanisa upo mnara wa kengele, urefu wake futi 323, ambao juu yake Galileo aliwaonyesha wakuu wa mji darubini yake mwaka 1609. Asubuhi ya tarehe 14 Julai, 1902, mnara huo ulianguka wote. Nyufa zilikuwa zimekwisha onekana na watu wameondoshwa, hata hakufa mtu. Yasemekana aliyekufa ni paka wa mlinzi. Jioni ile ile baraza ya mji ilikata shauri ujengwe tena pale pale, kwa sura ile ile. Ukafunguliwa tarehe 25 Aprili, 1912.

Lakini adui mkubwa ni bahari. Wasomaji wetu wa pwani waijua bamvua. Huko Venice, bamvua ikisukumwa na upepo wa kusini mashariki, maji huingia kiwanjani, maana ni mahali pa chini sana. Tarehe 4 Novemba, 1966, maji yalipanda futi 6 na inchi 4 kupita kipimo cha kale, na tarehe 12 Novemba, 2019, yalikaribia kipimo hicho.

Basi serikali ikaweka malango 78 ya chuma chini ya bahari, katika milango mitatu ya hori. Hulala yakiwa yamejaa maji. Hewa ikisukumwa ndani, huelea na kusimama. Yaliinuliwa mara ya kwanza kuzuia maji makuu tarehe 3 Oktoba, 2020, na kiwanja kikabaki kikavu. Hata hivyo kuyainua kila siku si shauri jepesi: meli huzuiwa, nayo hori husafishwa na huko kupwa na kujaa kwenyewe. Kwa hiyo maji yakiwa ya kadiri malango huachwa yalale. Kanisa limezungushiwa ukuta mfupi wa vioo, lakini kiwanja hulowa, na watu hupita juu ya madaraja ya mbao.