Mabibo Yanayooza Chini ya Mkorosho: Somo Juu ya Kazi ya Chachu

Somo kwa vikundi vya kujisomea vya vyama vya msingi

Madhumuni ya somo

Baada ya somo hili mwanachama ataweza kueleza chachu hufanya kazi gani, kwa nini pipa moja hutoa pombe na jingine hutoa siki, na ni mambo gani ambayo chama hakina budi kuyapima kabla ya kuanzisha mradi wa mabibo.

Msimu wa korosho unapofika katika pwani ya Kilwa na Lindi, kazi ya mwanachama hujulikana: kuokota, kutenganisha korosho na bibo, kuanika na kupeleka ghalani. Korosho hupimwa na kuandikiwa stakabadhi. Bibo halipimwi. Hubaki chini ya mkorosho likaliwa na nzi, au hupelekwa mahali ambapo pombe hupikwa kwa siri. Hata hivyo, kwa uzito, mabibo huzidi korosho mara 8 hadi 10. Mkulima aliyejaza gunia la kilo 80 ameacha shambani mabibo yasiyopungua kilo 600. Bibo hilo lina sukari karibu sehemu 10 katika kila 100 za maji yake, na vitamini C inayoizidi ile ya chungwa mara kadhaa. Basi kinachooza pale chini ni mali.

1. Jambo linalojulikana nyumbani

Elimu ya chachu si ngeni kwa watu wa pwani. Mgema anapoteremsha tembo la mnazi asubuhi, huwa tamu. Ikifika jioni limekuwa kali, na likiachwa siku kadhaa hugeuka siki. Akina mama nao wamelitumia tembo tangu zamani kuumulia unga wa vitumbua na mikate. Katika kibuyu kimoja, basi, mna hatua mbili: kwanza sukari hugeuka kuwa kileo na hewa ya ukaa, ambayo ndiyo povu, kisha kileo hugeuka kuwa asidi ya siki.

Kazi ya hatua ya kwanza hufanywa na chachu, na ile ya pili hufanywa na bakteria. Hao ni viumbe wawili tofauti, na wala hawahitaji mambo yaleyale. Asiyewatofautisha hupata leo kitu kizuri, kesho kitu kibovu, naye asijue sababu.

Mkasa wa namna hiyo ulitokea Ufaransa. Mwaka 1856, katika mji wa Lille, mwenye kiwanda kilichotengeneza spiriti kwa viazisukari aliona baadhi ya mapipa yake yakiharibika. Akamwendea Louis Pasteur, mwalimu wa kemia. Pasteur alipotazama kwa hadubini aliona kwamba mapipa mazuri yalikuwa na vijidudu vya duara, yaani chachu, na yale mabovu yalikuwa na vijidudu vingine vidogo zaidi. Kumbe pipa bovu halikuwa na bahati mbaya. Lilikuwa na mfanyakazi mwingine.

2. Chachu yenye hewa na chachu isiyo na hewa

Chachu ni kiumbe cha chembe moja, na chakula chake ni sukari. Ikipata hewa ya kutosha na sukari kidogo kidogo, huiunguza sukari yote kabisa, hupata nguvu nyingi, nayo huzaana. Ikikosa hewa, huivunja sukari nusunusu tu, hupata nguvu chache, na mabaki yake ndiyo kileo. Kwa hiyo pombe ni taka ya chachu iliyobanwa pumzi.

Wahandisi wa viwanda wameijenga kazi yao juu ya tofauti hiyo. Kiwanda cha hamira hupuliza hewa ndani ya matangi, na katika gramu 100 za sukari huweza kupata karibu gramu 50 za chachu kavu. Bila hewa, sukari hiyohiyo hutoa chachu isiyozidi gramu 10 hivi. Lakini hewa peke yake haitoshi. Chachu ikimwagiwa sukari nyingi kwa mara moja hutoa kileo hata kama hewa imejaa tele. Ndiyo maana wahandisi huilisha kwa kipimo, saa baada ya saa, kadiri inavyoongezeka.

Katika Afrika ya Mashariki mfano upo Muhoroni, Kenya, ambako kampuni iliyoanzishwa mwaka 1978 ilijengwa ili kugeuza molasi kuwa spiriti na hamira. Molasi, kama bibo, ni kitu kinachobaki baada ya mali kuu kuchukuliwa.

3. Hesabu ya pipa moja

Ichukuliwe mfano wa lita 100 za maji ya mabibo yenye sukari kilo 10. Kwa hesabu ya kemia, sukari hugawanyika karibu nusu kwa nusu: kilo 5.1 za kileo na kilo 4.9 za hewa ya ukaa. Kileo hicho kikigeuzwa chote kuwa siki, hutoa asidi kilo 6.6. Katika kazi halisi sehemu hupotea, kwa kuwa chachu nayo hula na kileo hupeperuka. Hata hivyo, kikipatikana kiasi cha robo tatu tu, siki itakuwa na asidi karibu 5 katika 100. Siki ya mezani kwa kawaida huwa na asidi 4 hadi 5 katika 100. Maana yake ni kwamba maji ya bibo yanaweza kutoa siki ya kufaa bila kununua sukari ya kuongeza.

Hesabu hiyo ina mafunzo mengine mawili. Kwanza, hewa ya ukaa ya pipa hilo huzidi lita 2,500. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, nayo hutuama chini. Mapipa yakiwekwa katika chumba kilichofungwa, mtu anaweza kuzimia na kufa. Na chupa iliyozibwa kabla ya kazi kwisha hupasuka. Pili, chachu inapofanya kazi hutoa joto. Kama joto halina pa kutokea, pipa huweza kupanda zaidi ya digrii 10, na katika joto la Lindi chachu hudhoofika. Vyombo vidogo kivulini hupoa upesi kuliko tangi kubwa juani.

4. Utaratibu wa kutengeneza siki

(a) Mabibo yaokotwe siku ileile, yachaguliwe na kuoshwa kwa maji safi. Bibo lililolala chini limekwisha kupata vijidudu vingine.

(b) Yakamuliwe, na maji yake yachujwe. Ukakasi wa bibo hupunguzwa kwa kutia uji mwepesi wa mchele au wa wanga wa muhogo, kuuacha utuame na masimbi yake, kisha kumimina maji ya juu.

(c) Maji yapashwe moto kwa dakika chache bila kuchemka, ili kuua vijidudu vya asili, kisha yapozwe kabisa. Hamira ikitiwa katika maji ya moto hufa.

(d) Itiwe hamira, na chombo kifunikwe kwa namna ambayo hewa ya ukaa itatoka na nzi wasiingie. Povu likikoma baada ya siku kadhaa, hatua ya kwanza imekwisha.

(e) Maji yamiminwe katika vyombo vipana visivyo na kina kirefu, yaongezwe siki hai iliyo nzuri kama mbegu, na yafunikwe kwa kitambaa. Sasa hewa inatakiwa, kwa sababu bakteria wa siki hawawezi kufanya kazi bila hewa. Hatua hii huchukua wiki kadhaa.

Vyombo viwe vya kioo, vya udongo usio na rangi ya risasi, vya plastiki ya chakula au vya chuma kisichoshika kutu. Debe la bati na sufuria ya shaba havifai, maana asidi huyeyusha madini yake.

5. Kwa nini siki na si pombe

Wanachama wengi wa pwani ni Waislamu, na mradi wa pombe ungekigawa chama. Wenye swali juu ya hatua ya kileo inayotangulia siki wawaulize mashehe wao mapema, kabla fedha hazijatumika. Wasiotaka hatua hiyo kabisa wanaweza kuishia (c), wakajaza maji ya bibo yangali ya moto katika chupa safi na kuyauza kama kinywaji.

Kuhusu pombe ya moshi, yaani ile ipatikanayo kwa kuchemsha uraka na kukusanya mvuke, neno ni moja: chama kisiiguse. Kuipika kwa siri ni kuvunja sheria. Tena matunda yanaweza kutoa kiasi kidogo cha methanoli, na wadanganyifu huongeza methanoli ya viwandani ili kuipa nguvu. Mnamo Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100, na baadhi ya walionusurika walipofuka. Methanoli haitambuliki kwa macho wala kwa ulimi.

6. Kazi ya chama

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Bidhaa ya chama isitegemee sifa, itegemee kipimo. Kila chombo kiwe na namba na daftari: tarehe ya kukamua, sukari iliyopimwa, joto la asubuhi na jioni, siku povu lilipokoma. Chombo kikiharibika, daftari litasema kilipoharibikia.

Chama kianze na lita 100, si lita 10,000. Ushauri wa mabibo uombwe kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara; wa vifaa, SIDO; na kabla ya kuuza, bidhaa ipelekwe TBS kupimwa. Halmashauri ya chama ilete hesabu yote mbele ya mkutano mkuu: kuni, chupa, vibarua na soko. Kama hesabu haitoki, ni heri ijulikane kwa pipa moja kuliko kwa mkopo.

Maswali ya kujadili

1. Chachu ikipata hewa hufanya nini? Ikikosa je?
2. Kwa nini chombo hufunikwa katika hatua ya (d) lakini huachiwa hewa katika hatua ya (e)?
3. Wanachama wa chama chenu walipeleka ghalani kilo ngapi za korosho msimu uliopita? Zidisheni kwa 8. Mabibo hayo yalikwenda wapi?
4. Nani katika kijiji atakayeshika daftari la mapipa, na nani atakayelikagua?