MZANI UNAWAKA ILA UZITO HAUINGII KWENYE KOMPYUTA? KAGUA ADAPTA KABLA HUJANUNUA MZANI MPYA

Leo naongea na nyie mnaouza kwa kupima. Mimi nanunua iliki, mdalasini na pilipili manga kutoka Kinole na Matombo, huko milimani Uluguru, nafungasha hapa Morogoro mjini, mzigo unaondoka na basi pale Msamvu. Iliki ni ghali. Ukizidisha gramu 10 kila pakiti, faida imeondoka na mteja. Ndiyo maana mzani wangu nimeuunganisha na kompyuta: nabonyeza PRINT, uzito unaingia wenyewe kwenye orodha ya oda.

Mizani mingi ya dukani inatoa uzito kwa tundu la zamani la pini 9, linaitwa RS-232. Laptopu za sasa hazina tundu hilo, kwa hiyo unaweka adapta ya USB katikati. Shida nyingi zinakaa hapo. Wangu ulipogoma, oda zimejaa, fundi mmoja akaniambia bodi ya mzani imekufa, tafuta mwingine. Mzani ulikuwa mzima kabisa.

Kwanza chomeka adapta, fungua Device Manager, angalia Ports. Ukiona COM na namba yake, mfano COM3, kompyuta imeitambua. Ukiona alama ya njano, shida ni draiva. Mimi nilikuta maneno kwamba chipu ya PL2303HXA imeachwa tangu 2012. Hiyo maana yake adapta ina chipu ya zamani, au feki inayojifanya ya zamani, na draiva mpya inaikataa. Windows ikijisasisha usiku, asubuhi kitu kilichokuwa kinafanya kazi jana kimekufa. Nikanunua adapta yenye chipu ya CH340, haikufika elfu ishirini.

Bado uzito hauji! Sasa hapa ndipo watu wanapokata tamaa, na kuna kipimo cha bure. Chomoa waya wa mzani, acha adapta peke yake. Itazame pini zake kwa mbele, safu ya pini 5 ikiwa juu: hesabu kutoka kushoto, ya 2 na ya 3. Ziunganishe hizo mbili kwa kipande cha waya mwembamba au kibanio cha karatasi, kisigusane na pini nyingine. Fungua PuTTY (ni ya bure), chagua Serial, andika namba ya COM, na kwenye Terminal weka Local echo iwe Force off, maana ikiwa Force on kompyuta itakuonyesha herufi zake yenyewe ukadhani umefaulu. Andika chochote. Pini moja inatuma, nyingine inapokea, kwa hiyo herufi zikirudi kwenye skrini, adapta na draiva ni wazima. Zisiporudi, usihangaike na mzani, badilisha adapta.

Zangu zilirudi, lakini kwenye COM7. Programu yangu ya oda ilikuwa bado inasubiri COM3. Adapta mpya, namba mpya. Nikabadilisha namba, uzito ukaanza kumwagika. Hata adapta ileile ukiihamishia tundu lingine la USB inaweza kupewa namba nyingine, kwa hiyo mimi tundu lake nimelibandikia karatasi, hakuna anayechomeka chaja ya simu hapo.

Kama wewe kipimo kimefaulu na COM ni sahihi, rudisha waya wa mzani. Zikija herufi za ajabu ajabu, kasi hazilingani. Mizani mingi ni 9600, ila soma kitabu chake, kisha weka kasi hiyohiyo kwenye kompyuta. Isipokuja hata herufi moja, bonyeza PRINT kwanza, maana mizani mingine haitumi mpaka iambiwe. Bado kimya? Jaribu waya unaopishanisha pini 2 na 3. Pande zote mbili zikituma kwenye pini moja, hakuna anayesikia.

Na tafadhali, fundi asiufungue mzani kirahisi. Ile lakiri ya Wakala wa Vipimo ikikatwa, lazima uhakikiwe upya kabla hujaupimia mteja.